Ukifunga tairi kubwa, mshale wa spidi unakuambia nini?

Spidomita ya gari haioni barabara. Haijui kama uko kwenye lami au kwenye vumbi, wala haijui gari limesogea mita ngapi. Inachokijua ni kimoja tu: kwamba shafti au gurudumu fulani limezunguka mara kadhaa ndani ya muda fulani. Idadi hiyo ya mizunguko ikizidishwa kwa mzingo wa tairi, unapatikana umbali. Umbali ukigawanywa kwa muda, unapatikana mwendo. Na ule mzingo hakuna anayeupima wakati wewe unaendesha. Uliwekwa kiwandani kwa kufuata tairi ambalo gari lilitoka nalo, na gari litaendelea kuuamini mpaka mtu aje aubadilishe.

Kwa hiyo ukifunga tairi kubwa zaidi, mshale unabaki na hesabu ya tairi la zamani. Gurudumu linazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, gari linadhani linakwenda polepole, na wewe unasomewa 100 wakati umeshapita 100. Kosa linaangukia upande mbaya: dereva anadhani yuko ndani ya kikomo cha mwendo kumbe yuko nje. Ukubwa wa kosa hilo unaweza kuukokotoa mwenyewe, bila fundi, kwa namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi.

Chukua tairi la 265/65R17, saizi inayoonekana kwenye pikapu nyingi na magari ya 4x4. Namba ya kwanza, 265, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 65, wengi hudhani nayo ni milimita, na hapo ndipo hesabu huharibikia. Ile ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana. R inaeleza namna nyuzi za ndani ya tairi zilivyolazwa, haihusiki na hesabu yetu. Namba ya mwisho, 17, ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi moja, vipimo vya aina tatu, ndiyo maana watu wanachanganyikiwa.

Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ya 17 ina milimita 431.8. Ubavu ni 265 mara 0.65, yaani milimita 172.25, na upo juu ya rimu na chini yake, hivyo unauhesabu mara mbili: 344.5. Jumlisha na rimu, unapata kipenyo cha milimita 776.3. Zidisha kwa 3.1416, mzingo ni kama mita 2.44. Tairi hilo linazunguka takribani mara 410 kwa kila kilomita.

Sasa mwenye gari anataka tairi lenye kifua zaidi, anachagua 285/70R17. Ubavu wake ni milimita 199.5, mbili ni 399, na ukijumlisha rimu ileile kipenyo kinakuwa milimita 830.8. Mzingo ni mita 2.61. Mizunguko kwa kilomita imeshuka kutoka 410 hadi 383. Gawa 830.8 kwa 776.3, jibu ni 1.07. Tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 7, na hilo ndilo kosa la spidomita, ikiwa mwanzoni ilikuwa inasema kweli. Mshale ukionyesha 50, gari liko 53.5. Ukionyesha 100, liko 107. Ukionyesha 120, liko zaidi ya 128.

Angalia vizuri hizo namba tatu, maana kuna usemi uliozoeleka kwamba tairi kubwa "linaficha kilomita saba". Haliko hivyo. Linaficha asilimia saba, na asilimia hukua pamoja na mwendo. Mtaani tofauti ni ndogo kiasi kwamba hutaihisi. Barabara kuu, ambako ingekuuma zaidi, ndiko inakokuwa kubwa.

Asilimia saba inaonekana kitu kidogo mpaka uifikishe kwenye breki. Nishati ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa mwendo, na 1.07 mara 1.07 ni karibu 1.145. Maana yake umbali wa kusimama, tangu breki zishike mpaka gari litulie, unaongezeka kwa karibu asilimia 14.5 kwenye barabara ileile na mshiko uleule. Dereva aliyezoea kukadiria nafasi kati yake na gari la mbele kwa kutazama mshale anakadiria kwa namba isiyo yake. Hilo ndilo linalonifanya niandike haya. Faini ni jambo la pili.

Rimu kubwa si tairi kubwa

Mtu akisema "nimepanda kutoka 17 hadi 18", wengi hukimbilia kusema spidomita yake imeharibika. Si lazima. Chukua 265/60R18. Rimu ni milimita 457.2, mbavu mbili ni 318, kipenyo 775.2. Ukilinganisha na 776.3 ya tairi la kwanza, tofauti ni milimita 1.1, na mshale hautaitambua hata kidogo. Rimu imekua, ubavu umepungua, jumla imebaki palepale.

Halafu kuna anayebaki na rimu ileile ya 17 na kununua 265/70R17 akiamini hajabadilisha kitu, kwa sababu "rimu ni ya zamani". Huyo kipenyo chake kimefika milimita 802.8, na kosa lake ni asilimia 3.4. Kinachoamua ni kipenyo cha nje cha tairi zima. Yapo pia matairi ya porini yanayoandikwa kwa mtindo mwingine, kwa mfano 33x12.50R15. Hapo mtengenezaji amekurahisishia kazi: 33 ndiyo kipenyo chenyewe kwa inchi, kama milimita 838.

Mshale unaendeshwa na nini

Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alipata hataza ya spidomita inayotumia sumaku, na muundo wake ulitawala dashibodi kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Kebo nyembamba inayozunguka ndani ya ganda lake hutoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya dashibodi. Mwisho wake kuna sumaku. Pembeni ya sumaku, bila kugusana nayo, kuna kikombe chepesi cha alumini kilichoshikwa na springi nyembamba kama ya saa. Sumaku ikizunguka huzalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kifuate mzunguko. Springi inakizuia. Pale nguvu mbili zinapolingana ndipo mshale unaposimama. Ni kazi nzuri sana ya ufundi, lakini chanzo chake ni kijigia kidogo, mara nyingi cha plastiki, kilichochomekwa kwenye giaboksi, na idadi ya meno yake ilichaguliwa kwa saizi moja ya tairi.

Baadaye kebo ikaondoka, ikaja sensa ya umeme inayohesabu meno ya gia na kutuma mapigo kwenye kompyuta. Kwenye magari mengi ya sasa hakuna hata sensa hiyo kwenye giaboksi. Mwendo unachukuliwa kwenye sensa za ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, zilizo kwenye kila gurudumu. Vifaa vimebadilika mara mbili, ila swali linaloulizwa ni lilelile: imezunguka mara ngapi? Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopima tairi.

Mahali sensa ilipo kuna maana, hasa kwa wanaobadilisha difu, yaani gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Mwenye tairi kubwa mara nyingi huona gari limekuwa zito kuondoka, kwa sababu kila mzunguko wa gurudumu sasa unasukuma gari mbali zaidi, kana kwamba gia zote zimepandishwa kwa asilimia 7. Dawa ya kawaida ni kuweka difu yenye uwiano mkubwa zaidi, tuseme kutoka 3.9 hadi 4.1. Kama sensa iko kwenye giaboksi, kabla ya difu, badiliko hilo linaongeza mizunguko inayohesabiwa kwa asilimia 5.1, na kosa la spidomita linashuka kutoka asilimia 7 hadi chini kidogo ya 2. Kama mwendo unasomwa kwenye magurudumu, difu mpya itarudisha nguvu ya kuondoka lakini mshale utabaki na kosa lake lote. Wenye pikipiki nao wana hadithi yao: pale spidomita inaposoma gurudumu la mbele, badilisha tairi la nyuma au sproketi (gia ya mnyororo) utakavyo, haitajali, inaposoma kwenye giaboksi, sproketi peke yake inatosha kuivuruga.

Kwa nini hesabu ya karatasi haitoshi

Mpaka hapa nimesema "ikiwa mwanzoni ilikuwa inasema kweli". Kwa kawaida haikuwa inasema kweli kabisa, na ilifanywa hivyo kwa makusudi.

Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari, inayofuatwa na nchi nyingi, inasema spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko mwendo halisi. Kuzidisha inaruhusiwa, mpaka asilimia 10 ya mwendo halisi na kilomita 4 juu yake. Gari likienda 80 za kweli, mshale unaweza kusoma popote kati ya 80 na 92. Geuza hesabu: mshale ukisoma 100, mwendo halisi unaweza kuwa chini hadi 87. Mtengenezaji anajua kwamba matairi huchakaa, upepo hupungua, na saizi zaidi ya moja zinaruhusiwa kwenye gari hilohilo, kwa hiyo anaisukuma spidomita juu kidogo ili isije ikaangukia upande uliokatazwa hata siku moja.

Matokeo yake ni kwamba magari matatu yaliyofungwa tairi lilelile la 285/70R17 yanaweza kuwa na majibu tofauti. La kwanza spidomita yake ilikuwa sahihi: mshale ukiwa 100, gari liko 107. La pili lilikuwa linazidisha asilimia 5 tangu kiwandani: mshale ukiwa 100, gari liko kama 102. La tatu lilikuwa linazidisha asilimia 8, na sasa liko 99, yaani tairi kubwa limeisogeza spidomita karibu na ukweli. Ndiyo maana mtu anaweza kukuapia kwamba yeye alifunga tairi kubwa na spidomita yake "ikawa sawa kabisa", na asiwe anadanganya. Kosa lake ni kudhani kwamba gari lako litafanya kama lake.

Na hata huyo aliyebahatika kwenye mshale hajapona kwenye odometa, kile kihesabio cha kilomita. Ile nyongeza ya kiwandani huwekwa kwenye mshale. Hesabu ya kilomita kwa kawaida huachwa karibu na ukweli. Kwa hiyo mshale unaweza kuwa umejisahihisha kwa bahati huku odometa ikibeba asilimia 7 zote. Kila kilomita ya kweli inaandikwa kama mita 934. Ukiendesha kilomita 10,700 odometa inasema 10,000, na kama unabadilisha oili kwa kufuata odometa, umeshachelewa kilomita 700.

Hapo pia ndipo panapozaliwa malalamiko kwamba tairi kubwa "linakunywa mafuta". Linaongeza ulaji kweli, kwa uzito wake na kwa upinzani wake barabarani. Lakini sehemu ya ongezeko unaloliona ni ya karatasi tu. Ukitia lita 60 baada ya odometa kusoma kilomita 500, unaandika lita 12 kwa kilomita 100. Gari limetembea 535. Ulaji halisi ni lita 11.2. Kabla hujalilaumu tairi, zidisha kilomita zako kwa 1.07.

Kupima mwenyewe

Njia ninayoipenda kuliko zote inahitaji chaki na futi ya kamba. Tia upepo sahihi matairi yakiwa ya baridi. Simamisha gari kwenye sakafu tambarare, chora mstari wa chaki chini kabisa ya tairi pale linapogusa ardhi, na mwingine sakafuni palepale. Mtu akae kwenye usukani, kwa sababu uzito wake ni sehemu ya kipimo. Sukumeni gari polepole, tairi likienda sawa bila kukata kona, mpaka ule mstari wa tairi urudi chini mara tano. Weka alama sakafuni, pima umbali wote, gawa kwa tano. Mizunguko mitano ni bora kuliko mmoja, maana ukikosea sentimita moja kwenye alama, kosa linagawanyika mara tano.

Usishtuke ukipata namba ndogo kuliko ile ya kukokotoa. Tairi lililobeba gari limebonyea chini, na hutembea kama asilimia 3 pungufu ya mzingo wake likiwa halijabeba kitu. Tairi la zamani nalo lilikuwa linabonyea hivyohivyo, kwa hiyo uwiano kati ya mawili unabaki karibu uleule. Cha muhimu ni kupima yote mawili kwa namna moja. Ukiweza, pima la zamani kabla halijafunguliwa.

Chaki inakupa tairi, haikupi mshale. Kwa mshale, tumia barabara yenye nguzo za kilomita na saa ya kuhesabia sekunde, abiria ndiye aishike. Shikilia mshale kwenye 80 bila kuyumba kutoka nguzo moja hadi nyingine. Mwendo halisi ni 3,600 gawa kwa sekunde. Kwa 80 za kweli kilomita moja huchukua sekunde 45. Ukipata 42, uko karibu 86. Pima kilomita tano mfululizo badala ya moja, maana nguzo hazikuchomekwa zote kwa umakini uleule.

GPS ya simu ni rahisi zaidi na kwa kazi hii ni sahihi vya kutosha, mradi uwe kwenye barabara iliyonyooka, mbingu iko wazi, na mwendo umetulia kwa sekunde kumi au zaidi. Ukikanyaga mafuta huku unaisoma, itakuwa nyuma yako. Aisome abiria. Na usipime kwenye mwendo mmoja tu: chukua 50, 80 na 100, kwa sababu spidomita yenye nyongeza ya kiwandani haizidishi kwa kiasi kilekile kila mahali.

Kurekebisha

Kwenye gari la kebo, fundi hubadilisha kile kijigia cha plastiki. Tairi kubwa linataka kebo izunguke haraka zaidi, kwa hiyo kijigia kinachoendeshwa kiwe na meno machache: kutoka 33 hadi 31 unaongeza karibu asilimia 6.5, na asilimia nusu iliyobaki si ya kukosesha mtu usingizi. Kwenye gari la sensa ya giaboksi, kuna kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya sensa na dashibodi ambacho huongeza idadi ya mapigo kwa asilimia unayoitaka. Kwenye magari mapya, saizi ya tairi huandikwa ndani ya kompyuta kwa mashine ya uchunguzi. Baadhi huruhusu namba yoyote, mengine yana orodha fupi ya saizi za kiwandani na hayakubali zaidi. Uliza hilo kabla hujanunua matairi, usisubiri mpaka yawe yameshafungwa.

Marekebisho ya kompyuta yana faida ambayo kubadilisha dashibodi peke yake hakuna. Mwendo uliokosewa haubaki kwenye mshale tu. Giaboksi ya otomatiki huutumia kuamua wakati wa kubadilisha gia, na kifaa cha kushikilia mwendo huufuata bila kuuliza. Ukikiwekea 100, gari litashikilia 107 kwa uaminifu mkubwa.

Kitu kimoja hakirekebishiki kwa kifaa chochote, nacho ni matairi yasiyolingana. Ukifunga makubwa nyuma tu, kompyuta ya ABS itaona magurudumu ya nyuma yakizunguka polepole kuliko ya mbele muda wote, na taa zitaanza kuwaka. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu manne, tofauti hiyo inabebwa na gia zilizo kati ya mbele na nyuma, na zinaumia. Yote manne, au uache. Na tairi la akiba la saizi ya zamani ni la kukufikisha kwa fundi tu.

Kisha kuna kuchakaa. Tairi la 285/70R17 lenye meno ya milimita 12 likibaki na 3 limepoteza milimita 18 za kipenyo, na kosa la asilimia 7 limeshuka hadi 4.7 bila mtu kugusa kitu. Kinyume chake kinatokea siku ya kubadilisha: matairi yako ya zamani ya 265/65R17, yakiwa yameliwa milimita 8, yalikuwa yamebaki na kipenyo cha kama milimita 760. Kutoka hapo hadi 831 ni kuruka asilimia 9. Mshale uliouzoea jana unabadilika zaidi ya vile hesabu ya karatasi ilivyosema. Kwa hiyo pima matairi yakiwa mapya, upime tena yakifika nusu ya maisha yake.

Siku matairi yanafungwa, kabla gari halijatoka kwa fundi, andika kwenye kitabu cha sevisi namba iliyo kwenye odometa, saizi ya zamani, saizi mpya na uwiano wake. Atakayelinunua gari hilo baadaye atahitaji mstari huo mmoja ili ajue kwamba 60,000 zilizoongezeka tangu siku hiyo ni 64,200.